Ni Uzee, au Ni Maradhi? Maneno kwa Watu wa Makamo na Wazee wa Mombasa

Maneno haya yalisemwa katika ukumbi wa mtaa, Majengo, Mombasa, baada ya swala ya alasiri. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za ukutani zimeachwa.

Assalam aleikum. Mabibi na mababu mlioko mbele, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na mlango ili mtoroke mapema, hamjambo nyote?

Kabla sijasema lolote, nataka kazi kidogo. Kila aliyepita miaka 60 asogee mbele kidogo ya kiti chake. Mikono muipishanishe kifuani, kila mkono ushike bega la upande wa pili. Nyayo zote chini. Nikisema haya, mtasimama wima, mketi, msimame tena, hivyo hivyo kwa nusu dakika, na jirani yako akuhesabie. Mwenye kizunguzungu, maumivu ya kifua au mkongojo asijaribu sasa. Tutamfanyia pembeni na mtu wa kumshika. Haya!

Basi. Pumueni. Sasa sikilizeni hesabu. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 tunamtarajia afike mara 12 au zaidi, mwanamume 14. Kwa miaka 70 hadi 74, mwanamke 10, mwanamume 12. Kwa miaka 80 hadi 84, mwanamke 9, mwanamume 10. Aliyejisukuma kwa mikono ajiandikie sufuri, asione haya. Mkirudia nyumbani, kiti kiwe kigumu, kimo cha sentimita 43 hivi, na kiegemee ukuta.

Nimemsikia mama mmoja hapa mbele, amefika 6, akacheka akasema, "Ni uzee tu, mwanangu." Mama, neno hilo ndilo nililolijia. Miguu ikiisha nguvu, ni uzee tu. Masikio yakifa, ni uzee tu. Babu akianza kusema na watu wasioonekana, ni uzee tu, na kama si uzee basi ni jini. Na mgonjwa anabaki nyumbani na maradhi yake, watu wanampa pole.

Yako mambo ambayo kweli ni umri, na hayana mjadala. Macho, kwa mfano. Lenzi ya jicho hukakamaa kidogo kidogo tangu ujanani, na ukifika miaka 40 na kitu uzi haupiti kwenye tundu la sindano na gazeti lasomwa mkono umenyooka. Halimkosi mtu. Mtu huanza na miwani ya kusomea ya nguvu ya +1 hivi, na akiingia miaka ya 50 anahitaji kama +2. Lakini usiishie kwa muuza miwani wa kando ya barabara. Presha ya macho haiumi wala haiwashi, inakula uono kuanzia pembeni nawe huna habari, na ilichokula hakirudi. Mtoto wa jicho ni jambo jingine kabisa: ule ukungu hutolewa kwa upasuaji, ikawekwa lenzi mpya, mtu akaona. Kila siku watu wanayachanganya haya mawili, anayengoja "liive ndipo litolewe" kumbe anangoja upofu. Baada ya miaka 40 pimwa jicho zima, na sehemu ya nyuma nayo itazamwe.

Masikio nitakaa nayo zaidi, kwa sababu masikio yanavunja nyumba.

Mnamjua mzee huyu, yuko kila mtaa. Anasema mkewe siku hizi ananong'ona. Mke naye anasema mzee amekuwa mkaidi. Mke yuko jikoni, feni inazunguka, anapaza sauti, "Nishapika!" Mzee anajibu kutoka barazani, "Umefika wapi?" Wajukuu wanaangua kicheko. Mara ya kwanza mzee anacheka nao. Mara ya kumi hacheki, anaacha kujibu, na mwisho anaacha kukaa nao. Watu wanasema babu amekuwa mpweke, hapendi kelele.

Imekuwaje? Ndani kabisa ya sikio mna chembe zinazopokea sauti, na zile zinazopokea sauti nyembamba ndizo zinazokufa kwanza, wala hazioti tena. Sasa tazameni Kiswahili chetu. A, e, i, o, u ni sauti nene, nzito, zinafika. Lakini p, f, s, sh, t, k ni nyembamba na hafifu. Kwa hiyo pika, fika, shika na zika, kwa mzee huyu yote yamekuwa neno moja: "ika". Anasikia kwamba umesema. Hajui umesema nini. Ukimpigia ukelele unakuza ile "i" na ile "a" alizokuwa akizisikia tangu mwanzo, na juu ya hayo uso wako umekunjamana, naye uso anauona vizuri.

Basi fanyeni hivi. Zimeni feni au redio kwanza. Mwendee, usimwite kutoka chumba kingine. Simama mbele yake mwanga ukiwa usoni mwako, usiupe mgongo dirisha, maana midomo yako anaisoma bila kujua kwamba anaisoma. Sema taratibu, sauti ishuke kidogo. Asipopata mara mbili, acha kurudia neno lile lile; badala ya "nishapika" sema "chakula tayari, njoo mezani". Na kabla ya yote apelekwe atazamwe nta. Wako waliosikia tena siku hiyo hiyo baada ya kuoshwa sikio na mtu anayeijua kazi. Msitie kijiti, ufunguo wala mafuta ya moto.

Akipewa kifaa cha kusikia, wengi hukitia kabatini siku ya tatu. Kwa nini? Kwa sababu ubongo umezoea ukimya, ghafla unaletewa sauti ya kijiko, ya tuktuk, ya karatasi, vyote kwa pamoja. Aanze saa mbili kwa siku ndani ya nyumba tulivu, aongeze saa kila siku chache, na ajipe wiki kadhaa. Mwaka 2024 tume ya jarida la tiba la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau ambayo binadamu anaweza kuyapunguza, na kupoteza usikivu ni mojawapo. Sikio si jambo dogo.

Turudi kwenye kiti.

Misuli huanza kupungua mtu akiwa na miaka 30 na kitu, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na baada ya 60 mwendo unaongezeka. Huo ni umri. Lakini kutoka mara 12 hadi mara 6 mtu mara nyingi hapelekwi na umri peke yake. Anapelekwa na kukaa kitako, na anapelekwa na chai.

Mtazameni bibi huyu. Asubuhi chai ya rangi na mahamri mawili. Mchana wali mkono mmoja na mchuzi. Kipande cha samaki anamsogezea mjukuu. Usiku hana hamu, chai tena na kipande cha mkate. Wote wanamsifu: bibi hana makuu. Mimi nahesabu. Mzee anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Bibi ana kilo 60, basi ni gramu 60 hadi 72. Kwa chakula hicho hafiki hata nusu, na mwili usiopewa unajichukulia wenyewe, kutoka mapajani mwake.

Turekebishe bila kumletea chakula cha kigeni. Asubuhi mahamri yawepo, lakini pamoja na kikombe cha mbaazi, gramu 11 hivi, na yai, gramu 6. Mchana samaki wa ukubwa wa kiganja, gramu 20 na zaidi, na mjukuu apewe wake mbali. Usiku kikombe cha maharage, gramu 15, na glasi ya maziwa, gramu 8. Tumefika 60 kabla ya kuhesabu wali. Dagaa ni rahisi kuliko nguru na misuli haijui tofauti. Asiye na meno mchambulieni samaki, mbaazi zipondwe. Mwenye maradhi ya figo asiifuate hesabu hii, aulize daktari wake kwanza.

Chakula bila kazi hakijengi. Na hapa niwaulize waumini: umewahi kumtazama mtu anavyoinuka kutoka sijida? Faradhi za siku ni rakaa 17, kila rakaa sijida mbili. Swala si mazoezi, lakini inamfichua mtu. Kwanza anainuka mikono haina kazi. Baada ya miaka anaweka kiganja chini. Kisha anashika goti. Kisha siku moja anaomba kiti. Siku hiyo watoto wake waulize: ni goti linalouma, au ni paja lililokwisha? Kama ni goti, kiti ni rehema, na goti litazamwe. Kama ni paja, kiti kitamaliza kilichobaki, isipokuwa aanze kulifanyisha kazi.

Kazi yenyewe ni ile ile mliyoifanya leo. Simama na uketi mara 8 hadi 10, na katika kuketi uteremke polepole, ukihesabu moja, mbili, tatu. Kule kuteremka ndiko kunakojenga. Pumzika dakika mbili, rudia. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Asiyeweza aweke mto juu ya kiti kiwe kirefu, na kila baada ya wiki mbili tatu apunguze. Kisha shika ukingo wa sinki, inua visigino mara 10. Kisha, mkono ukiwa bado karibu na sinki, weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole, ukae hivyo sekunde 10. Kosa la kawaida? Kupiga mara 40 siku ya kwanza kwa ajili ya kuonyesha watu, kesho yake mapaja yanawaka, na ndio mwisho wa mazoezi.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu ya kuanguka. Nyumba zetu zinaangusha: kizingiti kirefu, ngazi za Mji wa Kale zinazopanda kama ukuta, sakafu ya bafu yenye maji, mkeka uliokunjika pembe, kandambili zilizolika, dera linalofagia chini. Wekeni taa ya usiku kati ya kitanda na choo. Pigilieni shikizo la chuma bafuni, tena kwenye zege, si kwenye kigae kitupu. Kigae kitang'oka na mtu.

Na mkianguka? Usikurupuke. Tulia dakika moja, chezesha vidole, mikono, miguu. Nyonga ikiuma, au mguu mmoja ukionekana mfupi au umegeukia nje, usiinuke, na asikuinue mtu. Funikwa, na itafutwe gari ya wagonjwa. Ukiwa salama, jiviringishe ulale ubavu. Sukuma uwe juu ya kiwiko, kisha magoti na mikono. Tambaa hadi kiti kizito au kitanda. Mikono miwili juu yake, mguu wenye nguvu utangulie unyayo ukiwa chini, sukuma, geuka, keti. Keti hapo kwanza! Wengi huanguka mara ya pili kwa haraka ya kusimama. Vijana, msimvute mzee kwa makwapa. Mnaweza kumtegua bega. Mlete kiti karibu yake. Fanyeni zoezi hili juu ya mkeka mkiwa wazima, kama mnavyojifunza kuogelea kabla ya mashua kuzama.

Kina mama, la kwenu kwa ufupi. Hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo. Joto linalopanda kifuani na usoni, jasho la usiku, usingizi unaokatika: si wazimu, wala kaskazi peke yake. Miaka michache ya mwanzo baada ya hapo mifupa hupungua kwa kasi, kwa hiyo maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na jua kidogo mikononi uani. Damu ikirudi baada ya ule mwaka, hata tone, hata bila maumivu, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Kina baba, tezi dume huvimba na umri. Mkojo unachelewa, unakatika, unakuamsha mara tatu usiku. Msiache maji mchana kutwa. Punguzeni saa mbili kabla ya kulala, na mkapimwe. Mkojo wenye damu au uliokataa kabisa hautaki kungoja.

Sasa presha. Ami mmoja, tuseme wa Likoni, alipewa dawa. Baada ya miezi mitatu akapimwa, 128 kwa 80. Akafurahi, akasema nimepona, akaacha vidonge. Ami hajapona, vidonge ndivyo vilivyokuwa vikiishika. Mishipa ya damu hukakamaa na miaka, namba ya juu inapanda, na haisemi kitu hadi kiharusi. Ikipimwa siku mbalimbali ikawa 140 kwa 90 au zaidi, ni presha, hata kama huumwi na chochote.

Lakini ipimwe sawasawa, maana nusu ya ugomvi ni vipimo vibovu. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala chai, usivute, usitafune miraa. Nenda haja ndogo kwanza. Keti dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane. Mkono mtupu juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda usifungwe juu ya kanzu. Hakuna kuzungumza. Pima, ngoja dakika moja, pima tena, andika zote mbili. Na ukiwa unatumia dawa halafu ukisimama dunia inazunguka, waambie wakupime umekaa, kisha umesimama kabla dakika 3 hazijaisha. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, usiache dawa mwenyewe. Daktari atabadili kipimo au saa ya kunywa. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, gramu 5, ikiwemo iliyo ndani ya mkate, achari na samaki wa ng'onda. Ndiyo, najua. Ng'onda.

Nimefika kwenye akili, na hapa naomba vijana wa mlangoni wasogee.

Akili haishuki yote kama maji ya kupwa. Mwanasaikolojia Raymond Cattell aliigawa mara mbili: ile ya kukamata jambo jipya kwa haraka, na ile ya yaliyokwisha kukusanywa, maneno, desturi, ufundi. Ya kwanza huanza kupungua mapema, hata kabla ya miaka 40. Ya pili huendelea kukua hadi uzeeni. Mtazame mzee kwenye bao. Kijana anahesabu upesi kuliko yeye. Mzee anachelewa, anashika kete, anazitikisa mkononi, kisha anacheza pale ambapo kijana hakupatazama. Kusahau jina la mtu likakujia baada ya saa moja, ni umri. Kusahau miwani iko wapi, ni umri. Lakini mtu aliyezaliwa mtaa wa Kuze akipotea Kuze; aliyepika biriani miaka 50 asijue kinachofuata baada ya vitunguu; anayeuliza swali moja mara sita ndani ya saa moja, hayo ni ya hospitali.

Na kuna la tatu, ndilo linaloua. Bibi wa miaka 78 alikuwa mzima Ijumaa. Ana kikohozi, akanunuliwa kwenye duka la dawa vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, klofeniramini. Ni mwezi wa Februari, joto kali, naye hahisi kiu, kwa sababu kiu hupungua na umri. Jumatatu hamtambui mwanawe. Anasema na marehemu dada yake, anavuta shuka, mara amelala mchana, mara anapiga kelele usiku. Anaitwa mganga, ubani unafukizwa siku mbili. Kumbe ana maambukizo ya mkojo, amekauka maji, na vidonge vile vinamchanganya ubongo mtu mzima wa umri wake hata akiwa hana jingine. Akili iliyochanganyika ndani ya saa au siku chache si uzee wala si ugonjwa wa kusahau. Ni dharura. Siku hiyo hiyo hospitali, na dawa zake zote mzibebe kwenye mfuko, za daktari, za dukani na za mitishamba.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa jirani zetu tu hapo Kilifi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi. Mvi, macho mekundu, kutembea usiku, kusema peke yake. Nimewatajia leo sababu tatu za mtu kutembea usiku na kusema peke yake, na hakuna uchawi ndani yake. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na bila kudhulumiwa, na mzee kwa Katiba hiyo ni aliyetimiza miaka 60.

La mwisho ni watu. Mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60. Mwezi wa kwanza analala. Mwezi wa pili anapaka nyumba rangi. Mwezi wa tatu anasimama jikoni anamfundisha mkewe kukata vitunguu, na nyumba imepata msimamizi isiyemwomba. Mnacheka kwa sababu mnamjua. Tatizo lake si mshahara tu; hakuna tena anayemngoja saa mbili asubuhi. Mpeni la kungojewa: ashike daftari la chama, awasomeshe watoto hesabu kila Jumanne, awe ndiye anayefungua zahanati ya mtaa. Liwe na siku na saa.

Ni kweli mtu akizeeka hupunguza marafiki kwa hiari, akabaki na wale wachache wa moyoni. Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Marekani ameliandika hilo sana: anayeona muda umepungua huchagua. Kwa hiyo msimlazimishe bibi kila harusi. Lakini muulize: ni nani unayemngoja wiki hii? Akitaja watatu, amechagua. Akinyamaza, amebaki peke yake. Na yule binti mmoja, kwa kawaida ni mmoja, anayemwogesha mama, anayepeleka watoto skuli na anayeuza viazi karai jioni, naye ana miaka 48 na hajapimwa presha tangu alipojifungua. Ndugu, gawaneni usiku. Andikeni zamu kwenye karatasi, muibandike mlangoni. Kutuma pesa kutoka Dubai ni kuzuri, lakini pesa haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Nimemaliza. Mashine mbili za presha ziko meza ya nyuma, upande wa kulia, na mizani iko pembeni yake. Kina bibi waanze. Chooni ni kushoto. Na nyinyi mliokuwa mkinywa kahawa chungu pale mlangoni nilipokuwa nikisema, nimewaona; nusu saa yenu haijaisha, kaeni kwanza.